Nusu ya Pili Ataisema Mauza

Siku Mauza alipotoka eda, sauti ya kwanza aliyoisikia barabarani ilikuwa ya marehemu mume wake, na ilikuwa inamfokea jambazi.

"Wewe unajifanya mkubwa! Mkubwa wa wapi? Hata Mchikichini hukanyagi peke yako!"

Sauti ilitoka kwenye spika ya duka moja la Mtaa wa Sikukuu, duka la simu linalouza pia filamu za kwenye flashi. Wapagazi watatu walikuwa wamesimama mlangoni na mizigo begani, wanacheka. Zamda, dada wa marehemu, alimvuta wifi yake mkono.

"Tupite, wifi. Usisikilize."

"Niache nisikilize," alisema Mauza, akasimama pale pale na baibui lake jipya, mpaka jambazi akapigwa akaisha.

Ghanim alikuwa mtafsiri wa filamu. Filamu za Kichina, za Kihindi, za Wazungu, zote alizisimulia kwa Kiswahili, sauti yake ikipita juu ya sauti za wenyewe. Lugha za watu alizijua nusu nusu. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya picha aliyasoma kwa kuruka, na yale yaliyomshinda aliyatoa kichwani. Watu wa Kariakoo hawakujali. Walichokipenda ni kwamba kwa Ghanim hakuna mgeni aliyebaki mgeni. Mkuu wa polisi wa Kichina aliitwa Khalfani, jina la mwenye banda la video. Nyoka mkubwa wa msituni aliitwa kwa jina la mwenyekiti wa mtaa. Zamda mwenyewe aliwahi kuwa mke wa jambazi, mwanamke mwenye kucha ndefu anayetia watu sumu, na hakusema na kaka yake Ramadhani nzima.

Jina moja tu halikuwahi kuingia kwenye filamu. Mauza alilikataza tangu akiwa bibi harusi. Alikuwa mtu wa haya. Hakutaka jina lake lipigiwe mluzi na wanaume wanaotafuna miwa kwenye mabenchi. Ghanim alicheka, lakini alishika agizo.

Kazi ilifanyika nyumbani, kwenye stoo iliyozibwa kwa magodoro ili kelele za mtaa zisiingie. Alirekodi kati ya adhuhuri na alasiri. Muda huo Mauza hakaangi wala hatwangi, feni inazimwa, na yeye anakaa jikoni kwenye mbuzi ya kukunia nazi bila kukuna. Lakini hakuwa kimya moja kwa moja. Kila mara mlango wa stoo ulifunguka, kichwa cha Ghanim kikachungulia, jasho linamtiririka.

"Mauza, mwanamke akimfumania mumewe, anasema nini?"

"Hasemi. Anakaa kitini na pochi yake mapajani."

"Anakaa tu?"

"Anakaa. Atakayeanza kusema ni mwanamume."

Na kweli, filamu ile watu walipiga makofi.

Alikuwa pia na desturi yake moja, ambayo wenzake waliiona ya kipumbavu. Hakuangalia filamu mpaka mwisho kabla ya kuitafsiri. Alisema akiujua mwisho, sauti yake nayo itaujua, na mtu wa sokoni atausikia. Basi alirekodi akiwa hajui kinachokuja, akishtuka pamoja na watu wake.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa ya mapenzi ya wazee. Babu na bibi wa nchi ya baridi, watu wa ghorofani, babu fundi saa, bibi mshonaji. Ghanim aliipenda tangu picha ya kwanza. Siku hiyo alitoka stoo akimwangalia Mauza kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Nimefanya kosa."

"Kosa gani?"

"Babu nimemwita Ghanim. Na bibi... ulimi umeteleza."

Mauza alinuna siku mbili. Alimwambia alifute. Ghanim akasema hawezi, amekwishasimulia mpaka wanatoka nyumbani kwenda kupanda treni, na wazee wenzao wale angewaita nani mwingine? Siku ya tatu adhana ya alasiri ilimkuta yuko kwenye maiki. Alisimamisha kazi, akatawadha, akaenda msikitini, na ngazi za msikiti hakuzipanda zote. Walimrudisha nyumbani wakiwa wamembeba.

Filamu ikabaki nusu.

*

Siku ya pili baada ya eda, Khalfani mwenye banda alikuja nyumbani na kijana mmoja. Kijana aliitwa Godbless. Alikuwa mtafsiri mpya, mwenye ulimi mwepesi na kofia ya kugeuza nyuma. Alipomwona Mauza aliivua.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Zamda aliwaletea kahawa na kashata. Khalfani aliishika kashata muda mrefu bila kuila. Alikuwa rafiki wa Ghanim wa miaka mingi, na mtu aliyezoea kupiga kelele mlangoni kwa banda lake, lakini leo maneno yalimpanda na kumshuka.

"Shemeji, ile filamu ya wazee. Ghanim alishaitangaza. Watu wananiuliza kila siku. Sasa nimeona Godbless aimalizie."

"Amalizie ile nusu?"

Khalfani alimtazama Godbless. Godbless ndiye akajibu.

"Bi mkubwa, tuseme ukweli. Sauti mbili kwenye filamu moja haziendi. Mtu anaangalia, mara mzee, mara kijana, anaona kama gari limebadilishwa dereva njiani. Nitaianza upya mimi, mwanzo mwisho."

"Na ya Ghanim mnaifuta."

"Hatufuti, shemeji," alisema Khalfani haraka. "Tunaiweka pembeni."

"Ikishawekwa pembeni, nani ataiokota?"

Khalfani aliirudisha kashata sahanini. Mauza aliangalia mlango wa stoo. Magodoro yalikuwa bado yameegemea ukuta. Zile filamu nyingine zote ziko kwenye maduka, zinauzwa, zinachekewa, atazisikia mpaka azeeke. Hii peke yake hakuna aliyeisikia. Humu ndimo alimokuwa Ghanim wa siku zake za mwisho, na humu ndimo alimomtaja mkewe kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kijana huyu mwenye adabu akiianza upya, itakuwa kama haikusemwa.

"Basi nusu ya pili nitaisema mimi," alisema.

Zamda alikaribia kumwaga kahawa. "Wewe?"

"Mimi."

"Mauza! Wewe ukienda dukani unanong'ona mpaka muuzaji anainama! Juzi tu umetoka eda, leo ukapige domo kwenye banda la wanaume?"

"Ghanim alipiga maisha yake yote. Sijaona alipokatika kipande."

Khalfani alicheka, akajizuia. Godbless hakucheka. Alijikuna kichwa, akageuza kofia mikononi.

"Bi mkubwa, kuna kitu hujui. Marehemu hakuiangalia mpaka mwisho, siyo? Mimi nimeiangalia." Akatazama chini. "Bibi ndiye anayekufa. Yule aliyeitwa jina lako."

Zamda alishika kifua. "Astaghafirullah! Unasikia? Utajiua kwa mdomo wako mwenyewe, hadharani! Mtu anajitabiria hivi? Badilisha jina, wifi. Mwite Nasreen, mwite Anfal, majina yamejaa!"

Mauza aliupanga ushungi wake kichwani. Ghanim hakujua. Angejua, asingethubutu kumpa maiti jina la mkewe. Jina alimpa yule bibi kwa sababu bibi alikuwa mzuri, anacheka, ana sweta la rangi ya embe, na yeye Ghanim hakuangalia mbele.

"Alishaitwa Mauza," alisema. "Mtu hapandi treni akiitwa Mauza akashuka akiitwa Anfal."

Wakakubaliana hivi: Jumamosi baada ya adhuhuri, filamu itawekwa bandani. Nusu ya kwanza itacheza na sauti ya Ghanim. Nusu ya pili Mauza atasema papo hapo kwenye maiki, na kompyuta itarekodi. Godbless atakaa naye amsomee maneno ya chini. Watu wakitulia mpaka mwisho, filamu itauzwa hivyo hivyo, kwa sauti mbili. Wakiinuka wakaondoka, Godbless ataianza upya na Mauza hatasema neno.

"Na wataondoka," Zamda alimwambia walipobaki wawili. "Mimi siji kuona."

*

Jumamosi banda lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Walikuja wapagazi, wauza mitumba wa Mchikichini walioacha meza zao kwa majirani, na wakaangaji wawili wa Feri waliokuwa bado wananukia samaki. Khalfani alikuwa ametundika kanga kona ya nyuma, na nyuma ya kanga ameweka meza, maiki na runinga ndogo. Mauza aliingia kwa mlango wa uani. Alimkuta Godbless ameshafika. Na alimkuta Zamda, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amejifunika mpaka macho.

"Nimekuja kukaa tu," alisema Zamda. "Usiniulize."

Filamu ikaanza. Ikaonekana theluji, madirisha ya ghorofani, na mzee mwenye miwani anayefungua saa mezani. Sauti ikajaa bandani kutoka pande zote.

"Baridi hii mnayoiona, jamani, Lushoto haioni ndani. Huyu babu ni fundi saa, anaitwa Ghanim. Mnacheka nini? Ghanim ni jina la fundi. Na huyu bibi mwenye sweta, huyu anayetoka jikoni... huyu ni Mauza. Msimwangalie sana. Ana mwenyewe."

Banda lilipiga mluzi. Nyuma ya kanga Mauza alihisi uso unamuwaka. Halafu, kabla hajajua, alikuwa anacheka na ushungi mdomoni. Babu na bibi waligombania dirisha lifunguliwe au lifungwe. Wakacheza muziki jikoni, bibi amekanyaga viatu vya babu. Ghanim aliwasema wote wawili, mwanamume kwa sauti yake, mwanamke kwa sauti nyembamba, na kila alichosema bibi Mauza alikitambua, maana kilitoka jikoni kwake. Babu akasema watakwenda kuiona bahari. Wakafika stesheni. Bibi akasimama, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mauza, nipe mkono," ilisema sauti ya Ghanim. "Mbona umesimama? Treni hiyo." Kwa mbali, nyuma ya maneno, ikasikika adhana. "Haya, alasiri hiyo. Narudi."

Baada ya hapo spika zilivuma tu. Banda zima lilijua alikokwenda na kwamba hakurudi. Mpagazi mmoja mzee alivua kofia.

Godbless alimgusa Mauza bega. "Bibi anauliza, tunaenda wapi," alinong'ona.

Mauza alishika maiki. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kule dukani.

"Yule bibi... anauliza wanaenda wapi."

"Sauti!" alipiga kelele mtu wa mbele. "Ongezeni sauti!"

"Nani huyo? Rudisheni mzee!"

Vijana wawili waliinuka wakatoka, wakifuatwa na mwingine. Kupitia tundu la kanga Mauza alimwona Khalfani amesimama mlangoni, anawatazama wanaotoka. Akafikiria: kama Ghanim angechungulia sasa, kama alivyochungulia kutoka stoo, jasho likimtiririka, angeuliza nini? Angeuliza: Mauza, mwanamke akisahau anakokwenda, anasema nini?

Hilo alilijua.

"Ghanim," alisema, na safari hii alisema kama mtu anayeongea kutoka jikoni kwenda sebuleni, "tunaenda wapi? Usinicheke. Nimesahau. Nilijua tangu asubuhi, nimefunga na mkate wa njiani, sasa hivi imenitoka. Usiwaambie watu."

Mtu mmoja akasema "Ah," taratibu. Kijana wa nne, aliyekuwa ameshainuka, alikaa tena.

Baada ya hapo alikwenda. Godbless alinong'ona neno moja, yeye akasema kumi. Maneno ya babu aliyasema kwa sauti yake mwenyewe, bila kuifanya nzito, na hakuna aliyelalamika. Babu alimvisha bibi soksi. Bibi alimwita kwa jina la mtu mwingine, na babu akaitikia. "Ndiyo, ndimi," Mauza alisema, "leo niite utakavyo." Mkaangaji wa Feri alijipangusa uso kwa kitambaa cha kazi, na mwenzake akamwambia, "Acha kulia, mwanaume mzima," huku naye anajipangusa macho.

Kisha babu aliingia chumbani na kikombe cha chai. Akakiweka. Akakaa kitandani. Akaushika mkono wa bibi, akauweka shavuni.

Zamda alimbana wifi yake goti.

"Mauza amefariki," alisema Mauza.

"Innalillahi," aliitikia yule mpagazi mzee, kwa dhati kabisa, na wengine wakaitikia baada yake.

Sasa babu alikuwa jikoni peke yake. Asubuhi. Ametoa vikombe viwili, amekumbuka, amekirudisha kimoja, amekitoa tena.

"Hapa hakuna maneno, mama," alinong'ona Godbless. "Ni kimya mpaka mwisho. Unaweza kupumzika."

Lakini Ghanim hakuwahi kuacha kimya. Alikuwa akisema mtu wa sokoni kimya anacho kwake, huku amekuja kuambiwa. Babu yule lazima aseme. Na ataongea na nani, ataongea kuhusu nini, kama si kuhusu mke wake? Mauza alibana midomo. Amsifu Mauza, kwa mdomo wa Mauza, mbele ya Kariakoo nzima? Maisha yake yote Ghanim alipoanza kumsifu mbele za watu alimkata: shii, acha upuuzi. Alimkata sebuleni, akamkata harusini kwa binti wa Zamda, akamkata hata hospitali mbele ya daktari. Maneno yale hakuna aliyewahi kuyasikia mpaka mwisho isipokuwa yeye, jikoni, jiko la mkaa likimwangaza usoni.

Akiyabania leo, hayatasemwa na mtu mwingine. Alikivuta kiti mbele.

"Mauza," alisema babu. "Mimi mji mzima unanijua. Nikipita naitwa, fundi, fundi. Wewe nani anakujua? Hukutaka. Sasa umekwenda, huwezi kuniambia shii, basi nitasema.

"Nilikuja kwenu kuposa nina suruali moja na mdomo mwingi. Mama yako akasema, mwanamume huyu ni kelele tupu. Ukamjibu, kelele zake nazipenda. Nilisikia, nilikuwa nimesimama nje ya dirisha. Tangu siku ile sikuogopa mtu.

"Waliniuliza, maneno yale matamu unayatoa wapi? Nikawapiga chenga. Yalikuwa yanatoka jikoni kwako. Mimi nilikuwa mwizi, na wewe uliniachia mlango wazi.

"Nimetembea mji huu kifua mbele. Watu walidhani ni kwa sababu ya kazi yangu. Kazi gani? Nilitembea vile kwa sababu najua nikifungua mlango nani yuko ndani. Mwanamke mmoja, mpole, mkali, asiyetaka atajwe. Mauza. Nimekutaja. Nimekutaja tena. Hakuna kama yeye, jamani, na alikuwa wangu."

Babu alimimina chai kwenye vikombe vyote viwili. Picha ikazimika polepole. Mauza aliweka maiki mezani. Alikuwa amelowa jasho mpaka mgongoni, kama mtu aliyetoka kwenye stoo ya magodoro.

Hakuna aliyeinuka. Feni ilizunguka. Halafu kule mbele mtu akaanza kupiga makofi, na mabenchi yakaanza kugongwa, na Khalfani mlangoni akawa anapiga bati kwa kiganja.

"Bado, mama," alisema Godbless. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. "Bado inarekodi. Mtafsiri lazima ajitaje mwisho, ndivyo inavyofungwa."

Zamda alimtangulia. Aliinuka kwenye ndoo, akalishika pindo la kanga, akamtazama wifi yake kumuuliza. Mauza alitikisa kichwa kukubali. Kanga ikavutwa kando, na wanaume wa mabenchini wakageuka wote.

"Sauti mliyoisikia kwanza," alisema Mauza, amesimama, maiki mkononi, "ni ya Ghanim bin Azzam, mtafsiri, wa Kariakoo. Mliyoisikia baadaye ni ya mke wake. Naitwa Mauza."

"Si umekufa wewe!" alipiga kelele mkaangaji wa Feri, na banda zima likaangua kicheko pamoja na machozi yake.

"Nipo," alisema Mauza.

Godbless akabonyeza kuhifadhi.